Kwa Punda

Kazi yangu ni rangi.
Orofa ya tatu, dirisha linalotazamana na dirisha,
napaka kesho ya watu:
manjano ni makazi, zambarau viwanda,
nyekundu biashara, na kijani ni pale
tusipokuwa na hakika.

Machi faili lilikuja na uzi wake:
Eneo la Kumi na Nne, Njiru, ekari sita na robo.
Hali ya sasa: wazi.
Tukalipatia alama kama mtoto wa darasa la nne.
Mteremko, nane juu ya kumi.
Umbali hadi barabara ya lami, tisa.
Bomba la majitaka, tatu, ila linakuja
(linakuja tangu nilipoajiriwa).
Mafuriko: hayajaripotiwa.
Migogoro ya umiliki: hakuna iliyosajiliwa.
Likakipiku kile kiwanja cha Kayole
chenye kesi mbili na kanisa.

Mhandisi Mukhwana akasema, nenda ukalione,
sheria inataka mtu alione.

Sikuuona huo uwazi.
Sukuma wiki kwenye magunia, kamba za nguo,
magoli mawili ya mabomba yaliyopinda,
na katikati, penye nyasi nzito kuliko kwingine,
mawe meupe yaliyopangwa duara.
"Hapa panaitwaje?"
"Kwa Punda," akasema Kwamboka
bila kuacha kupalilia.

Mwaka ule mifereji ilipokauka miezi mitano
punda wa Syombua aliwavutia maji,
mitungi ishirini kila safari, njia ile ile.
Hata Syombua alipougua
punda alikwenda peke yake. Kisimani wakamjazia,
akarudi akisimama kila mlango,
watu wakitia pesa kwenye mkebe shingoni mwake,
na hakuna aliyepunja.
"Pengine mmoja," akasema Kwamboka. "Tunamjua."
Alipokufa, wakachanga, wakachimba,
wakamzika kama mtu wa mtaa.

Nikatafuta kwenye fomu safu ya punda.

"Na mkijenga, msijenge pale,"
akanyoosha jembe upande wa bondeni.
"Aprili mto huja kulala pale.
Haubishi hodi."

Tangazo likatoka gazetini, ukurasa wa thelathini na mbili,
chini ya mnada wa matrekta.
Kikao: Jumanne, saa nne asubuhi,
saa ambayo Njiru yote iko kazini
au iko njiani kuitafuta.
Wakaja kumi na mmoja,
mmoja wao kuchaji simu.
Asiyekuwapo na lake halipo,
wazee walisema kwa masikitiko.
Sisi tumeigeuza utaratibu.

Kwamboka akasimama na udongo kwenye kucha.
"Zahanati hatuikatai. Mwanangu wa pili
nilimzalia kando ya barabara, naijua thamani yake.
Nauliza tu hilo neno, wazi,
mlilipima kwa kamba gani?"
Feni ikazunguka.
Karani akaandika: Wananchi walitoa maoni.
Akapiga mstari. Akaandika: Yalipokelewa.

Jioni ile wenzangu waliposhuka ngazi
nilibaki na penseli.
Nikatia nukta pale penye mawe,
na kamstari ka buluu mto unapolala.
Asubuhi ramani ikarudi kutoka kwenye mashine
imetakata kama haijawahi kuguswa:
nukta ilidhaniwa vumbi,
mto, mkunjo wa karatasi.

Nikavirudisha. Safari hii kwa wino.

Ijumaa Mukhwana aliinama juu ya meza,
akapandisha miwani, akaikwaruza nukta kwa ukucha.
Haikutoka.
"Hii nini?"
"Punda," nikasema.

Akanyamaza hadi chai yake ikaota utando.
Nami nilikuwa tayari kwa lolote,
barua, uhamisho, kicheko.
Akavuta kiti, akaketi,
akauliza alikuwa wa rangi gani.